Saratani ya Tezi Dume na Askari wa Mwili: Nasi Yatupasa Kuhesabiwa

Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.

Tangu siku za kupigania Uhuru tumefundishwa kwamba taifa letu linao maadui watatu wakubwa: ujinga, umaskini na maradhi. Tumezoea kuwataja mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja huja kwa njia yake na kwa wakati wake. Leo naomba tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja ambamo maadui hao wote hukutana katika mwili wa mtu mmoja, naye mara nyingi ni mtu mzima mwenye kutegemewa na watu wengi. Ugonjwa huo ni saratani ya tezi dume.

Sikusudii kurudia tu yale ambayo waganga wetu wamekwisha kuyasema mara nyingi kuhusu dalili na matibabu. Nakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wataalamu wa dunia wamekuwa wakilishughulikia kwa bidii kubwa katika miaka ya karibuni, yaani uhusiano uliopo kati ya saratani hii na kinga ya mwili. Jambo hilo laweza kuonekana ni la maabara za mbali. Lakini nitajaribu kuonyesha kwamba linatuhusu moja kwa moja, na kwamba tusipojiingiza katika kazi hiyo mapema, matunda yake yatakapoiva yatakuwa yamepimwa kwa miili ya watu wengine.

Ugonjwa wa wanaume

Tezi dume ni kiungo kidogo, kadiri ya ndimu ndogo, kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Njia ya mkojo hupita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za kiume. Mwanaume anapozeeka tezi hiyo aghalabu hukua, na kukua huko peke yake si saratani. Lakini baadhi ya chembe hai za tezi hiyo zaweza kuharibika, zikaanza kuzaana bila mpango, na baadaye zikahama na kuingia katika mifupa na viungo vingine. Hapo ndipo tunaposema saratani.

Kwa mujibu wa hesabu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanaume wapatao 1,470,000 waligunduliwa kuwa na saratani hii duniani, na wapatao 397,000 walikufa kwayo. Katika nchi 118 kati ya 185 zilizohesabiwa, ndiyo saratani iliyoongoza kwa wanaume. Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet lilikadiria kwamba wagonjwa wapya, waliokuwa milioni 1.4 mwaka 2020, watafikia milioni 2.9 ifikapo mwaka 2040, na kwamba ongezeko zito zaidi litaziangukia nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Sababu kubwa ni ya heri: watu wanaishi miaka mingi zaidi kuliko wazazi wao. Lakini heri hiyo yaja na deni lake.

Askari wa mwili

Ndugu Mwenyekiti, mwili wa binadamu unao ulinzi wake. Katika damu na katika nyama zake zimo chembe nyeupe za aina nyingi, na kila aina ina kazi yake. Ziko zile ziitwazo makrofaji, ambazo humeza uchafu na vijidudu. Ziko zile zinazotengeneza silaha za kuelea katika damu. Ziko chembe T, ambazo baadhi yake ni wasaidizi wa kuamrisha wengine, na baadhi ni wauaji wa kukabiliana na adui ana kwa ana.

Askari hawa humtambuaje adui? Kila chembe hai ya mwili huweka mlangoni pake vipande vidogo vya protini inazozitengeneza ndani. Vipande hivyo hubebwa na kibao maalumu kinachotengenezwa kwa maagizo ya jeni ziitwazo HLA. Chembe T ikipita, hukagua kibao hicho kama mlinzi akaguavyo kitambulisho getini. Ikiona protini ya kawaida, hupita. Ikiona protini ngeni, ya kirusi au ya chembe iliyoharibika, hushambulia.

Jeni ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila chembe. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini. Karibu kila chembe inabeba kitabu kizima, lakini husoma kurasa zinazohusu kazi yake tu. Chembe ya ini husoma kurasa za ini; chembe T muuaji husoma kurasa za kuua. Tulishike sana jambo hili, kwa maana ndilo litakalotuonyesha jinsi wataalamu wanavyowahesabu askari ndani ya uvimbe.

Wazo la kuitumia kinga dhidi ya saratani ni la siku nyingi. Mwaka 1891 daktari wa upasuaji wa New York, William Coley, alianza kuwadunga wagonjwa wa saratani bakteria, na baadaye sumu za bakteria, baada ya kusoma habari za mgonjwa ambaye uvimbe wake ulitoweka alipopata maambukizo ya ngozi. Baadhi ya wagonjwa wake walipona, wengi hawakupona, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Kwa sababu hiyo madaktari wengi waliiacha njia hiyo.

Kuhusu tezi dume, ufunguzi mkubwa ulitokea kwingine. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na wenzake walionyesha kwamba saratani hiyo hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba homoni hiyo ikipunguzwa ugonjwa hurudi nyuma. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mpaka leo kupunguza homoni ni nguzo ya matibabu ya ugonjwa uliokwisha kuenea. Lakini nguzo hiyo haidumu milele. Baada ya muda, saratani hujifunza kuishi bila chakula kile, na hapo mganga huhitaji silaha nyingine.

Breki

Silaha nyingine ilitazamiwa kutoka kwa kinga. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba chembe T zina breki. Breki hizo ni za lazima, kwa maana askari asiye na breki huwageukia raia, na mwili ukajila wenyewe. Breki moja huitwa CTLA-4, nyingine PD-1. Saratani nyingi huzikanyaga breki hizo kwa hila, na askari wakasimama wakitazama. Dawa zilizobuniwa huziachilia. Mwaka 2011 dawa ya kwanza ya namna hiyo, ipilimumabu, iliruhusiwa nchini Marekani kutibu saratani ya ngozi iitwayo melanoma, na baadhi ya watu waliokuwa wakingoja kufa wakaishi miaka mingi. Mwaka 2018 Allison na Honjo walipewa Tuzo ya Nobel.

Ilikuwa haki basi kutumaini kwamba tezi dume nayo ingefuata. Haikufuata. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililohusisha wanaume 799 wenye saratani iliyokwisha kuenea. Nusu ya waliopewa ipilimumabu waliishi zaidi ya miezi 11.2, na nusu ya wale waliopewa dawa bandia waliishi zaidi ya miezi 10. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuweza kuitwa ushindi. Dawa ya breki ya pili, pembrolizumabu, ilipopewa wagonjwa wa namna hiyo, uvimbe ulipungua sana kwa watu 3 hadi 5 tu katika kila 100.

Hata hivyo lipo jambo lililofichika katika matokeo hayo. Wale wanaume 799 walipofuatiliwa kwa muda mrefu, ilionekana mwaka 2020 kwamba baada ya miaka mitano walio hai walikuwa takriban 8 katika kila 100 upande wa dawa, na takriban 3 katika kila 100 upande wa dawa bandia. Ni wachache, lakini wapo. Kwa hiyo swali la wataalamu likabadilika. Wakaacha kuuliza kama dawa inafanya kazi, wakauliza: inafanya kazi kwa nani, na tutamjuaje kabla ya kumpa?

Ngome baridi

Ukitazama kwa hadubini uvimbe wa melanoma, mara nyingi utaona chembe T zimejaa ndani yake. Wataalamu huuita uvimbe wa namna hiyo kuwa ni wa moto. Uvimbe wa tezi dume aghalabu ni baridi. Askari wauaji ni wachache, na mara nyingine wamekwama pembezoni. Sababu zake zinafahamika kwa kiasi.

Kwanza, saratani hii ina makosa machache katika maandishi ya jeni zake. Kwa wastani ni kama kosa moja katika kila herufi milioni, ambapo melanoma inayo mara kumi au zaidi. Makosa yakiwa machache, protini ngeni za kuonyeshwa mlangoni nazo huwa chache, na mlinzi hana cha kutilia shaka.

Pili, chembe nyingi za saratani hii huviondoa vile vibao vya HLA milangoni. Mlinzi akija hakuti kitambulisho cha kusoma.

Tatu, wale askari walioingia si wote walio upande wetu. Ziko chembe T ambazo kazi yake ni kutuliza, nazo hutambulikana kwa kusoma jeni iitwayo FOXP3. Katika mwili wenye afya hizo huzuia ghasia. Ndani ya uvimbe huwanyamazisha wauaji. Kadhalika ziko makrofaji zilizogeuzwa, ambazo badala ya kumeza adui humjengea mishipa ya damu na kumtengenezea njia.

Nne, baadhi ya mabadiliko ya jeni za saratani yenyewe huufukuza ulinzi. Jeni iitwayo PTEN, ambayo hupotea katika saratani nyingi za tezi dume, hasa zilizokomaa, ni mfano mmoja: inapopotea, mazingira ya uvimbe huwa magumu zaidi kwa chembe T.

Ngome hii ina milango yake. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2001 kwamba homoni ya kiume inapoondolewa, chembe T huingia katika tezi dume kwa wingi. Aidha, kikundi kidogo cha wagonjwa, kama watu 3 katika kila 100, wana saratani ambayo jeni zake za kusahihisha maandishi zimeharibika. Hao wana makosa mengi mno, na baadhi yao huitikia vizuri dawa ya kuachilia breki. Tangu mwaka 2017 dawa hiyo imeruhusiwa Marekani kwa saratani yoyote yenye hitilafu hiyo, popote ilipoanzia mwilini.

Tena iko njia ya kuwafundisha askari nje ya mwili na kuwarudisha. Ndiyo matibabu yaitwayo sipuleuseli-T, yaliyoruhusiwa Marekani mwaka 2010. Damu ya mgonjwa huchukuliwa, chembe zake za kinga hufundishwa kuitambua protini ya tezi dume, kisha hurudishwa. Katika jaribio la wanaume 512, wastani wa kati wa maisha ulikuwa miezi 25.8 kwa waliotibiwa hivyo na miezi 21.7 kwa wengine. Gharama yake ilipoanza kuuzwa ilikuwa dola 93,000 kwa mgonjwa mmoja. Miezi minne kwa fedha hizo! Si lazima niwafanyie hesabu ya zahanati ngapi.

Kuhesabu askari

Sasa turudi kwenye kurasa za kitabu. Nimesema kila aina ya chembe husoma kurasa zake. Jeni inaposomwa hutolewa nakala yake. Mtaalamu akichukua kipande cha uvimbe, akakisaga na kuzihesabu nakala zote, atajua ni jeni zipi zilizokuwa zikisomwa. Akikuta nakala nyingi za jeni za wauaji, atajua wauaji walikuwamo. Akikuta FOXP3 kwa wingi, atajua watulizaji walikuwamo.

Kazi hii yafanana na ya mpishi hodari anayeonja pilau ya mwenzake. Hakuona viungo vikitiwa, lakini ulimi wake unamwambia iliki ni nyingi, karafuu ni kidogo, na bizari imezidi. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza njia ya hesabu iitwayo CIBERSORT, ambayo kwa kutazama jeni 547 hukadiria uwiano wa aina 22 za chembe za kinga ndani ya kipande kimoja cha nyama. Mwaka huohuo, mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani ulitoa taarifa ya vivimbe 333 vya tezi dume, na takwimu zake zikawekwa wazi kwa watafiti wote.

Tangu hapo maandiko mengi yametolewa ulimwenguni. Karibu yote hufuata njia moja: mtafiti huchukua orodha ya jeni zinazohusiana na kinga, huzilinganisha na maisha ya wagonjwa, kisha huchagua chache na kutengeneza kipimo cha hatari. Mwenye alama kubwa huambiwa ugonjwa wake waweza kurudi baada ya upasuaji. Mwenye alama ndogo huambiwa atulie. Lengo ni jema. Wako wanaume wengi wenye saratani ya polepole ambao hukatwa na kuchomwa mionzi bila haja, na wako wengine ambao huachwa wakati ugonjwa wao ni mkali. Kipimo cha kuwatenganisha ni jambo la thamani kubwa.

Lakini, ndugu zangu, mwalimu yeyote wa hesabu atakuambia kwamba ukitafuta katika maelfu ya jeni kwa wagonjwa mia chache, hukosi kupata chache zinazolingana na jibu kwa bahati tu. Tena maandiko mengi yanatumia takwimu zilezile, za wagonjwa walewale. Nao wengi wao walikuwa watu wa asili ya Ulaya waliofanyiwa upasuaji mapema katika hospitali za nchi tajiri. Kadhalika, mpishi anayeonja hawezi kukuambia karafuu ilikaa upande gani wa sufuria. Na katika saratani kuna tofauti kubwa kati ya askari aliye ndani ya ngome na askari aliyekwama ukutani. Kwa hiyo makadirio hayo ni lazima yathibitishwe kwa macho, kwa hadubini, na kwa wagonjwa wapya wa makundi mbalimbali.

Sisi tuko wapi?

Ndilo swali lililonileta hapa.

Nchini Marekani, wanaume weusi hupata saratani ya tezi dume zaidi kuliko weupe, na hufa kwayo kwa kiwango cha takriban mara mbili. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo yatokana na umaskini, ubaguzi, na kufika hospitali kwa kuchelewa. Lakini mwaka 2008 watafiti wa huko walilinganisha vivimbe vya wagonjwa 33 weusi na 36 weupe, wakakuta kwamba tofauti kubwa za usomaji wa jeni zilikuwa katika jeni za kinga na uvimbe-moto. Aidha, wagonjwa waliopewa sipuleuseli-T walipofuatiliwa baada ya dawa kuruhusiwa, ilionekana kwamba weusi waliishi muda mrefu zaidi baada ya matibabu: wastani wa kati wa takriban miezi 35, kulinganisha na takriban 26 kwa weupe waliofanana nao kwa kipimo cha damu cha PSA. Hilo halikuwa jaribio la kupanga makundi kwa kura, na haliwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa mwisho. Lakini latosha kutufanya tuulize: je, ngome iliyo baridi kwa wengine yaweza kuwa na vuguvugu kwetu?

Mwaka 2022 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vivimbe 183 kutoka Afrika ya Kusini, Australia na Brazili. Ulikuta kwamba vivimbe vya Waafrika vilikuwa na makosa mengi zaidi katika maandishi ya jeni, na kwamba baadhi ya aina za mabadiliko zilionekana kwa Waafrika tu. Hebu tulikumbuke lile nililosema juu ya makosa na walinzi. Makosa yakizidi, huenda kitambulisho kikawa na la kutiliwa shaka. Hayo ni mambo ya kupimwa, hayajathibitishwa.

Hapana budi nitoe tahadhari hapa. Rangi ya ngozi si jeni. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi za jeni kuliko bara lolote, na jeni za HLA ni mojawapo ya zile zenye tofauti nyingi zaidi. Tanzania peke yake ina watu wasemao lugha za Kibantu, za Kinailo na za Kikushi, na pia Wahadzabe na Wasandawe, kila jamii ikiwa na historia ndefu ya damu yake. Vivimbe vya Afrika ya Kusini haviwezi kutusemea sote, kama vile vya Marekani visivyoweza kuisemea Afrika ya Kusini.

Wala tusidhani kwamba kanda yetu haina la kuchangia. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa mataya ya watoto aliokuwa akiuona Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakakuta ndani yake kirusi, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Elimu ya dunia ilisonga mbele kwa watoto wa Afrika Mashariki na kwa daktari aliyetunza kumbukumbu zake. Lakini maabara ilikuwa London. Sisi tulitoa ugonjwa, wenzetu wakatoa jibu. Utaratibu huo hatuwezi kuuridhia tena.

Wauzaji wa kinga

Kabla sijafikia kazi zetu, niseme neno juu ya jambo linalowagusa wananchi kila siku. Sokoni, katika mabasi na katika simu za mkononi watu wanauziwa unga na maji ya kuongeza kinga, wakiambiwa kwamba vitaponyesha tezi dume. Msikilizaji aliyenifuata mpaka hapa atakuwa ameona udhaifu wa maneno hayo. Kinga si maji ya mtungi kwamba yakijazwa zaidi ni bora zaidi. Ndani ya uvimbe wamo askari wanaomsaidia adui. Ukiwaongeza wote kwa jumla hujui umemwongezea nani nguvu. Uvimbe-moto wa muda mrefu nao unashukiwa kuwa mojawapo ya vyanzo vya saratani yenyewe. Hata dawa za kuachilia breki, zilizopimwa kwa miaka, huweza kuwafanya askari washambulie utumbo, mapafu au ini, na hutolewa chini ya uangalizi wa hospitali. Mzee anayetumia miezi sita kunywa unga huwa anaipa saratani miezi sita ya kusafiri kuelekea mifupani.

Kazi yetu

Ndugu Watumishi wa Umma, utafiti wa jeni hauanzi na mashine za mamilioni. Unaanza na karatasi na chupa. Kila mgonjwa aandikwe katika daftari la saratani: umri, mahali alipotoka, hatua ya ugonjwa, na mwisho wake. Kila kipande cha nyama kinachokatwa kihifadhiwe katika dawa sahihi na kwa muda uliowekwa, kwa maana kikiachwa siku nyingi katika formalini isiyopimwa, maandishi ya jeni huharibika, na hakuna mashine itakayoyasoma. Mtumishi wa bohari anayechelewesha dawa hiyo, na karani anayeacha nafasi tupu katika fomu, wote wawili wanafuta ukurasa katika kitabu cha taifa.

Aidha, vipande vinapotakiwa nje ya nchi, viende kwa kibali na kwa mkataba. Tunayo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu yenye kazi ya kupitia tafiti hizo. Mkataba useme wazi kwamba takwimu zitarudi, kwamba vijana wetu watafunzwa kuzichambua, na kwamba dawa ikipatikana hatutakuwa wa mwisho kuipata. Kuchambua takwimu hakuhitaji jengo kubwa. Kwahitaji kompyuta, umeme wa uhakika, na kijana aliyefundishwa hesabu barabara.

Ndugu Walimu, kijana huyo yuko darasani mwenu. Mfundisheni kwamba jeni ni jambo la kueleweka kwa lugha yake. Leo nimezungumza juu ya chembe, breki, ngome na vitambulisho, na sikuona Kiswahili kikishindwa. Mwambieni pia aende nyumbani akazungumze na baba yake, kwa heshima. Mwanaume aliyefikia miaka 50 azungumze na mganga juu ya kupimwa. Mwenye baba au ndugu aliyeugua afanye hivyo mapema zaidi, tangu miaka 40 hadi 45. Kipimo cha damu cha PSA si hukumu. Chaweza kupanda kwa uvimbe usio saratani, na ndiyo maana hufuatiwa na uchunguzi mwingine. Ugonjwa huu unapoanza mara nyingi hauna maumivu. Anayengoja maumivu ya mgongo huwa amengoja hadi adui kavuka mpaka.

Aibu nayo tuizungumze. Wanaume wengi hukataa kupimwa kwa kuogopa kidole cha daktari au maneno ya wenzao barazani. Wazee wetu waliokwisha kutibiwa Ocean Road au Bugando na wakarudi katika mashamba yao wapewe nafasi ya kusema mbele ya wengine, wakipenda. Neno moja la mzee aliyepona lina uzito kuliko mabango kumi.

Ndugu Mwenyekiti, sayansi ya kinga na saratani bado iko njiani. Kwa tezi dume imeshindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda, na wanaoifanya hawalifichi hilo. Lakini kila kushindwa kumeonyesha mahali ukuta ulipo mnene na mahali ulipo mwembamba. Katika ramani hiyo inayochorwa, eneo letu bado ni jeupe. Halitajazwa na mgeni kwa ajili yetu. Litajazwa na mganga anayekata kipande kwa uangalifu, karani anayejaza fomu, mwalimu anayefundisha, na mzee anayekubali kupimwa na kuandikwa.

Tuhesabiwe, basi, tungali hai.